Daftari Linaloishia Miaka 49

Leo nimekusudia kuzungumza habari za wanawake ambao siku zao zimeshakoma. Najua wapo wanaume ambao tayari wamenyoosha mkono kutafuta stesheni nyingine. Naomba mkono huo urudi. Ninayemzungumzia ni mama yako mzazi, ni mama mkwe wako, na Mungu akijaalia, kesho ni mkeo.

Naanza na dodoso. Kila baada ya miaka kadhaa Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wizara ya Afya hufanya utafiti wa nchi nzima kuhusu uzazi na afya. Wa kwanza ulianza mwaka 1991, na wa karibuni ni wa mwaka 2022. Ni kazi kubwa, tena ya heshima. Katika huo wa 2022 walihojiwa wanawake zaidi ya 15,000, mijini na vijijini, Bara na Visiwani. Humo ndimo tunamojua wanawake wangapi wanajifungulia kwenye vituo vya afya, watoto wangapi wamedumaa, nani ana upungufu wa damu, chandarua kimemfikia nani. Mipango hupangwa kwa takwimu hizo, na wafadhili nao huzitazama kabla ya kutoa fedha zao.

Sasa mtazame mdodosaji anavyofika kwenye nyumba moja ya Kilwa Kivinje. Amepiga hodi, amekaribishwa barazani, ametandikiwa mkeka, kishikwambi chake kiko mapajani. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka 58, mjane. Mdodosaji anamwuliza ni nani na nani waliolala humu jana usiku, naye anawataja mmoja mmoja: yeye mwenyewe, bintiye wa miaka 31, mjukuu wa kike wa miaka 17, wajukuu wawili wadogo, na kichanga cha miezi mitano. Jina, jinsia, umri, darasa alilofikia. Baada ya hapo anayetakiwa kwa mahojiano ya mwanamke ni yule binti, kisha mjukuu wa miaka 17, maana wanaohojiwa ni wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Binti anaingia ndani faragha na mdodosaji. Kichanga kinaanza kulia. Bibi anakipokea, anakifunga mgongoni kwa kanga, anazunguka nacho uani mpaka mahojiano yaishe. Kuhusu siku zake zilizokoma, kuhusu usiku anaokesha kwa joto, kuhusu jinsi anavyojisikia akibeba ndoo, dodoso lile la wanawake halikuwa na nafasi yake.

Siwalaumu watafiti. Utafiti uliundwa ili kufuatilia uzazi, na kwa uzazi unafanya kazi yake vizuri. Lakini ukiuweka pamoja na namna huduma zetu zilivyopangwa, utaona jambo moja: mwanamke anaonekana maadamu anaweza kuzaa. Ana kadi ya kliniki, ana sindano ya pepopunda, ana vidonge vya kuongeza damu, ana wodi yake na foleni yake. Siku zikikoma, kadi nayo imekoma. Kisha inabidi asubiri awe mzee rasmi, kwa sababu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hapo ndipo mzee asiye na uwezo anapostahili kutibiwa bila malipo. Hesabu mwenyewe, msikilizaji. Kutoka 49 mpaka 60 ni miaka 11, na ndiyo miaka ambayo mwili wa mwanamke unabadilika kuliko wakati wowote tangu alipovunja ungo. Miaka hiyo haina dirisha wala mlango pale zahanati.

Nirudi kwa yule bibi na kichanga mgongoni, maana hapo ndipo Tanzania ilipowafundisha walimwengu. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kule kaskazini, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao wengi wao waliishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Miaka ya 1980 walifika huko watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani: Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones. Waliongozana na wanawake kwenda porini, wakaandika saa walizofanya kazi na kupima uzito wa mizizi waliyorudi nayo. Mwaka 1989 wakatoa habari kwamba waliokuwa wakifanya kazi saa nyingi zaidi ni wanawake watu wazima, waliokwisha kuacha kuzaa. Hawakuwa wakila jasho la mabinti zao, walikuwa wakiwalisha. Mwaka 1997 wakaongeza lingine. Kwa kawaida mtoto aliongezeka uzito kulingana na bidii ya mama yake porini, lakini mama akijifungua mwingine na kubaki na kichanga, uzito wa yule mkubwa ulifuata bidii ya bibi.

Kutokana na hayo Hawkes na wenzake wakajenga hoja inayojadiliwa mpaka leo katika vyuo vya dunia: huenda mwanadamu wa kike anaishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma kwa sababu, tangu enzi na enzi, kazi ya bibi ndiyo iliyowaokoa wajukuu. Wapo wanaopinga. Mwaka 2023 watafiti waliotumia kumbukumbu za zaidi ya miaka 20 kuhusu sokwe wa Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale nchini Uganda, walionyesha kwamba majike wa huko nao hukoma kuzaa kama kwenye miaka 50 na kuendelea kuishi, ingawa bibi sokwe hakai na binti zake wala halei wajukuu. Mjadala kwa hiyo haujafungwa. Hata hivyo mizigo iliyopimwa pale Eyasi haifutiki.

Nasi wa ukanda huu wa pwani ya Kilwa na Lindi hatuhitaji mizani. Nenda Songosongo wakati wa bamvua uone ni akina nani wako majini magotini, wanafunga mwani kwenye kamba, wameinama tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi. Waone wanaopita kwenye matumbawe na vijiti kutafuta pweza. Wengine wana wajukuu nyumbani ambao mama yao yuko Mbagala anahangaika na maisha, na sare za shule zinatoka kwenye mwani ule, si kwenye simu ya kutoka Dar es Salaam. Afya ya mwanamke huyu ikitetereka, nyumba nzima imetetereka, na hakuna aliyekuwa akiifuatilia.

Basi tuseme ni nini hasa kinachotokea mwilini. Kwa wanawake wengi siku hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona, zimekoma. Ovari hazitoi tena homoni ya estrojeni kwa kiwango cha zamani, na homoni hiyo haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Ilisaidia mifupa kushika madini yake. Ilisaidia mishipa ya damu kutanuka. Ililainisha uke na njia ya mkojo. Ilifanya kazi pia kwenye sehemu ya ubongo inayosawazisha joto la mwili. Kwa hiyo lile joto linalopanda ghafla kutoka kifuani mpaka usoni, jasho la usiku linalolowesha shuka, usingizi unaokatika saa nane na haurudi, mkojo unaochoma kila mara, maumivu wakati wa tendo la ndoa, vyote vina maelezo. Mama, hujarogwa. Hujapandwa na jini. Na wewe mume unayedhani umekinaiwa, mkeo anaumia, na pengine anaona haya kukwambia.

Zaidi ya hayo yote, linaloua kimyakimya ni presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kama mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Lakini nao uliwahusu watu wa miaka 25 hadi 64. Ulikwenda mbele kidogo kuliko lile dodoso la uzazi, kisha ukasimama. Waliokwenda mbele zaidi ni watafiti waliowapima wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea kule Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Hapo presha ya juu ilikutwa kwa watu wapatao 7 katika kila 10, na waliokuwa wanatibiwa mpaka ikashuka inavyotakiwa walikuwa wachache mno. Presha hiyo haikuwaingia siku waliyotimiza miaka 70. Ilipanda taratibu katika miaka ile ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwafunga mpira wa kipimo mkononi. Nasi huku tuna la kwetu la kujitazama: mashamba ya chumvi yako mlangoni, na ng'onda ni kitoweo chetu cha siku isiyo na samaki wabichi. Ng'onda ni tamu, nami simwambii mtu aiache, ila uiloweke, umwage maji, uiloweke tena kabla ya kuipika, na usiiongezee chumvi sufuriani.

Bonde la Kilombero nako, Taasisi ya Afya ya Ifakara iliwahi kuwauliza watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 50 na kuendelea kuhusu hali zao. Wanaume walijieleza kuwa na afya na maisha bora kuliko wanawake. Na walioolewa walikuwa na nafuu kuliko walio peke yao. Wajane wa Kivinje na wa Mchinga wataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko takwimu. Mwanamke wa Kimwera, wa Kimachinga, wa Kimakonde au wa Kiyao aliyekulia ukanda huu, alipovunja ungo aliwekwa ndani. Alipewa somo wa kumsimamia. Alifundishwa kujisitiri, kujitunza, kukaa na mume, kuheshimu wakubwa. Akina mama walikesha wakimchezea ngoma ya unyago. Damu ya kwanza ilikuwa habari ya mtaa mzima. Damu ya mwisho haina ngoma wala somo. Mwanamke anaipitia peke yake, na akiuliza anajibiwa kwa mkato kwamba ndiyo utu uzima huo. Wala si kwamba dini ilinyamaza. Katika Surat At-Talaq wanawake waliokwisha kukata tamaa na hedhi wanatajwa wazi, na eda yao imewekewa miezi mitatu. Kama jambo limezungumzwa kwa uwazi kiasi hicho katika Kitabu, sioni kwa nini sisi tulinong'one.

Ukimya huo una gharama, na gharama kubwa kuliko zote iko kwenye damu inayorudi. Mwanamke amekaa mwaka, miaka miwili, mitano bila kuona, halafu siku moja anaona damu. Akimwuliza shoga yake, ataambiwa ujana umerudi. Akimwuliza mwalimu wa madrasa, atajibiwa la swala na funga, na ni haki yake kulijua. Lakini kuna swali la tatu, nalo ni la hospitali. Damu inayotoka baada ya siku kukoma mwaka mzima haihesabiwi kuwa ya kawaida mpaka ipimwe. Mara nyingi chanzo ni ukavu wa njia tu, na dawa ipo. Mara nyingine ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, au saratani ya ndani ya mfuko wa uzazi. Hata ikiwa ni tone moja kwenye nguo, hata kama haiumi, mama, usisubiri tone la pili.

Hapa pia umri umetutenga. Upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia siki, unaofanyika katika vituo vyetu vingi, umelenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Sababu yake ni ya kitaalamu, wala haikutokana na dharau. Baada ya siku kukoma, ile sehemu ya mlango wa kizazi ambako saratani huanzia hujivuta ndani, na macho ya mpimaji hayaioni vizuri. Ndiyo maana kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe kinacholeta saratani hiyo kina maana zaidi kwa mwanamke mtu mzima. Mabinti wetu wameanza kuchanjwa dhidi ya kirusi hicho tangu mwaka 2018, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Bibi zao chanjo imewapita na siki inawapita. Wanaogunduliwa ugonjwa umekwisha kwenda mbali hupelekwa mionzi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Kilwa Masoko ni safari ya kilomita kama 300, na wenye kumbukumbu watakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ile maeneo ya Somanga na magari yakalala pande zote mbili. Mgonjwa wa mionzi hana muda wa kusubiri daraja.

La pili lililofichwa chini ya kanga ni kizazi kushuka. Mwanamke anahisi kitu kinatelemka ukeni, mkojo unamponyoka akikohoa, anakaa upande upande kwenye mkeka. Wengi hawasemi hata kwa binti zao. Huko huko Kilimanjaro walichunguzwa wanawake zaidi ya 1,000, wa miaka 18 mpaka 90, katika utafiti ulioongozwa na daktari Gileard Masenga, nao ukatolewa mwaka 2018. Zaidi ya nusu walikutwa na ushukaji wa kiwango fulani, ingawa walioshukiwa sana walikuwa wachache. Yaliyoambatana nao ni umri mkubwa, uzazi mwingi, na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi kila siku. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kiroba cha mwani uliotoka majini sasa hivi ni kizito zaidi ya hapo. Jumlisha na mimba saba au nane, nyingine zilizoishia kwa kujifungulia nyumbani, na estrojeni iliyokuwa ikiimarisha misuli na kano za nyonga imeondoka. Tiba zipo: mazoezi ya kukaza misuli ya chini, pete maalumu inayowekwa ukeni kushikilia kizazi, na upasuaji kwa anayehitaji. Bomba la maji karibu na nyumba nalo ni tiba, na sioni aibu kusema kwamba diwani ana sehemu yake katika ugonjwa huu.

Mtu anaweza kuniambia: tafiti za wanawake wa umri huo zipo tele Ulaya na Marekani, tuchukue tu. Hapana. Marekani mwaka 1991 walianzisha utafiti uliofikia wanawake zaidi ya 160,000 wa miaka 50 hadi 79. Sehemu moja ilijaribu vidonge vya homoni mbili, estrojeni na projestini, na Julai 2002 ikasimamishwa kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vilizidi kwa wanaomeza, ingawa kuvunjika nyonga kulipungua. Wanawake duniani kote wakaviacha kwa hofu. Ilichukua miaka kufahamika vizuri kwamba wengi waliojaribiwa walikuwa wamekwisha kupita miaka 60, na kwamba hesabu ya hatari hutofautiana kwa anayeanza mapema, siku zikiwa zimekoma karibuni. Ikiwa umri peke yake uliweza kubadilisha jibu hivyo, sembuse chakula, kazi, idadi ya watoto na malaria ya miaka yote?

Gambia wametuonyesha vizuri zaidi. Katika kijiji cha Keneba, Ann Prentice na Landing Jarjou waliwapa wajawazito waliozoea chakula chenye kalisi kidogo vidonge vya kalisi kwa wingi. Kwa akili ya kawaida mifupa ingekuwa imara zaidi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalikuwa kinyume: waliopewa vidonge walikutwa na madini pungufu kwenye nyonga wakati wa kunyonyesha kuliko wasiopewa. Miili yao ilikuwa imejifunza kubana matumizi, na msaada ukaivuruga. Sasa mwanamke wa Lindi aliyekula dagaa na miiba yake, ufuta, muhogo na nazi, akanyonyesha miaka 15 ya maisha yake, akashinda juani lakini amejifunika, mifupa yake ikoje akifika 60? Jibu lake litoke kwake, lisitoke kwa bibi wa Chicago.

Kwa hiyo ombi langu kwa Ofisi ya Takwimu, Wizara, vyuo na Halmashauri zetu za Kilwa na Lindi ni la kazi, na wala halina gharama ya kutisha. Mdodosaji ameshafika barazani. Jina la bibi na umri wake ameshaviandika. Kipimo cha presha kinaingia kwenye mkoba. Huku kwetu pia wapo manyakanga na masomo wa unyago, wanawake watu wazima ambao akina mama wenzao huwasikiliza kuliko bango lolote la wizara. Tumezoea kuwaita semina ili tuwaeleze habari za mabinti. Waitwe safari hii waulizwe habari zao wenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani, na mwanamke mwenzao mwenye umri wa kuheshimika.

Aulizwe siku zilikoma akiwa na miaka mingapi. Aulizwe analala saa ngapi na kinachomwamsha ni nini. Kama amewahi kuona damu baada ya hapo, na alimwambia nani. Kama kuna kitu kinashuka akibeba maji. Mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini, na wapi, na aliambiwa nini. Aliwahi kuanguka? Akiugua yeye, ni nani anayebaki na watoto wale nyumbani, na yeye humwuguza nani?